Gunia la Fundi Kingi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii hata mtoto wa chuoni huitamka huku anasinzia, na maana yake haina fumbo: anayehitaji kitu kilicho chini hana budi kushuka chini mwenyewe, atake asitake. Lakini kuijua methali ni jambo moja na kuinama ni jambo jingine. Hussam wa Kibokoni aliijua tangu utotoni, na bado aliwachosha watu wote wa nyumbani mwake kabla ya kuitii.

Hussam aliuza udi na manukato Mji wa Kale. Alikuwa mtu wa kanzu nyeupe pe, iliyopigwa pasi ikasimama, na alitembea kana kwamba vumbi limewekewa wengine. Alikuwa na pikapu ya milango minne, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambayo tangu ainunue haikuwahi kukanyaga tope. Hilo halikumzuia kuipandisha. Baada ya Idi alimpelekea fundi mmoja akaibadilisha vyuma vinavyoshika springi, ikanyanyuka karibu nusu shibiri. Ikawa mkewe, Mwanakuu, hawezi kuipanda bila kigoda. Kila wakitoka, mama wa watu yuko barabarani na kigoda mkononi, kama anayekwenda kukuna nazi.

Mwanakuu alioka keki za harusi, na jina lake lilifika hadi Malindi. Keki zake zilisafirishwa kwenye kiti cha nyuma cha pikapu hiyo, maana ndiyo peke yake iliyokuwa na nafasi na ubaridi wa kutosha. Sasa wiki ile ile ilipopandishwa, pikapu ikaanza kutetemeka. Kisiwani, kwenye mwendo wa polepole, ilitulia tuli. Ikishavuka daraja la Nyali na kushika kasi ya sabini, viti vyote vilinguruma kama mtu amekalia kinu cha posho. Keki ya Mtwapa ilifika imepasuka ubavu. Ya Bamburi ilifika ngazi yake ya juu imeteleza, na mama wa bibi harusi akaitazama keki, akamtazama Mwanakuu, akampa kisogo. Kisogo kile kilimuuma Mwanakuu kuliko tusi.

"Halikuwa likitetemeka kabla hujalipandisha," alimwambia mumewe.

"Mke wangu, wewe jua unga na mayai. Ya magari niachie mimi."

Mwanakuu alirudi kwenye unga wake, lakini moyoni alichukia, na alikuwa na haki ya kuchukia.

Jirani yao akamwelekeza Hussam kwa fundi Kingi, huko Majengo. Kingi alikuwa Mgiriama mfupi, mwenye masharubu na maneno machache, na uwanja wake haukuwa hata na shimo la kuingilia chini ya gari. Kulikuwa na jeki, magogo na magunia mawili. Alimuuliza Hussam, "Mtetemo wauhisi kwenye usukani au kitini?"

"Kitini."

"Ukitoa gia, ukaliacha gari litembee lenyewe kwa kasi ile ile?"

"Latetemeka vilevile."

"Basi si injini. Ni kitu kinachozunguka huko chini." Kingi akatandika magunia, akajilaza juu ya moja, akalipigapiga la pili. "Ndoo, bwana."

"Nije wapi?"

"Chini. Mimi sishiki spana mpaka mwenye gari alale nami aone. Ndio utaratibu wangu."

Hussam alilitazama gunia lililojaa mafuta meusi, akaitazama kanzu yake. "Fundi, mimi nakulipa ulale wewe," alisema, akapanda gari lake akaenda zake.

Hapo ndipo balaa lilipoanza kuzaa balaa. Fundi wa pili alimketisha kwenye kiti cha mto, akamletea kahawa, akamwambia ni magurudumu. Yakasawazishwa. Gari likatetemeka. Wa tatu akasema ni raba zinazoshikilia injini, naye Hussam akakumbuka kwamba Kingi alishasema si injini, lakini kahawa ya huyu ilikuwa na tangawizi. Raba zikabadilishwa. Gari likatetemeka. Wa nne akabadilisha shokamzoba zote nne, zile za kutuliza mirusho ya gari. Gari likatetemeka kama limekasirika. Siku kumi zilikwisha hivyo, na ukimuuliza Hussam kila fundi aliona nini huko chini, hajui, kwa sababu hakuna hata siku moja aliyoinama.

Siku ya Jumatano Mwanakuu alimwita jikoni. Mikono yake ilikuwa na unga hadi viwikoni.

"Bi Raihana wa Kilifi ataka keki ya ngazi tatu Jumamosi hii," alisema. "Amesikia habari za Mtwapa na Bamburi, na bado amenipa mimi. Hii nayo ikivunjika, nazima jiko langu. Sitaweza tena kuwatazama watu usoni."

Hakupaza sauti wala hakulia. Hussam alimjua mkewe miaka kumi na tisa, na alijua kwamba akisema anazima jiko, analizima. Aliogopa. Kesho yake asubuhi alikuwa Majengo.

Kingi hakumkumbusha lolote. Aliliinua gari, akatandika magunia yake mawili, akajilaza. Hussam akavua viatu, akalala chali na kanzu yake yote.

"Huu mtaimbo waitwa propela," Kingi alisema. "Wapeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Una kiungo mbele na kiungo nyuma. Vikipinda sawasawa, kimoja chatuliza mtikisiko wa mwenzake. Visipokuwa sawa, ndio huo wauhisi kitini." Akabandika kipimo cha pembe kwenye kiungo cha mbele. "Soma."

"Nyuzi saba."

Akakihamishia nyuma. "Soma."

"Nyuzi mbili." Hussam alisoma tena, kwa kuwa hakupenda alichokisoma. "Ni nini kilichoupindua?"

Kingi akakifuta kipimo chake kwa kitambaa. Hussam akafuata kwa macho kutoka kiungo cha nyuma, akapanda kwenye springi, akafika kwenye vyuma vyake vipya, bado vinang'aa rangi. Ndivyo vilivyoinyanyua springi ncha moja na kuipindua ekseli nzima, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, pamoja na kiungo chake. Kweli ilikuwa mbele ya pua yake.

"Ni hivi vyuma vyangu," alisema polepole.

"Mimi sijasema," Kingi alijibu. "Ningekwambia siku ile ungebisha hadi magharibi."

"Ningebisha," Hussam alikiri.

"Basi vilete vile vya asili nilirudishe chini. Vi wapi?"

Hussam hakujua. Alirudi Kibokoni na mgongo wa kanzu mweusi tii, watu wakimwangalia barazani, akaingia moja kwa moja jikoni. Mwanakuu alimtazama kutoka juu hadi chini, akakaza midomo asicheke.

"Viko mvunguni mwa kitanda, nyuma ya masanduku," alisema. "Nilivihifadhi siku ile uliposema vitupwe. Mimi mikono ina unga."

Hussam akapiga magoti, akalala kifudifudi, akaingia mvunguni mpaka zikabaki nyayo. Sauti yake ikatoka huko: "Mwanakuu, ulisema kweli. Nilikukosea."

"Sikusikia. Uko mbali."

"Nilikukosea, mke wangu. Niwie radhi."

"Sasa nimesikia," alisema Mwanakuu, na machozi yakamlenga, maana alikuwa amesubiri neno hilo tangu Idi.

Jumamosi Mwanakuu alipanda garini bila kigoda, akaketi nyuma ubavuni mwa keki yake. Wakavuka daraja. Sabini. Themanini. Hussam alishika usukani akitega sikio, na nyuma yake hakukusikika hata chembe ya sukari ikidondoka. Kilifi, Bi Raihana alifungua mlango wa gari mwenyewe, akaizunguka keki kwa macho mara mbili, akamkumbatia Mwanakuu.

Kanzu ile ilifuliwa mara saba na doa la mgongoni halikutoka. Hussam huivaa hadi leo dukani, na mteja akimuuliza imepatwa na nini, humjibu bila kuona haya: mtaka cha mvunguni sharti ainame.