Mstari wa Mlezi wa Pili

Jumanne, tarehe tatu Machi, saa tisa na dakika arobaini alasiri, Onolina alimeza funda moja la ulanzi, pombe ya mianzi. Wapo watakaowaambia ilikuwa saa kumi. Si kweli. Saa kumi alikuwa ameshabipu, na tofauti ya dakika hizo ishirini ndiyo hadithi yenyewe. Sikilizeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu mwishoni nitawaachia kazi iliyonishinda.

Kwanza wajueni watu.

Katika kijiji kimoja cha mianzi na baridi, nje kidogo ya Mafinga, palikuwa na kikundi cha wazazi walioacha pombe. Watoto wao wadogo walikuwa kwenye utafiti wa makuzi. Kila baada ya miezi sita walipelekwa zahanati, wakapimwa kimo na uzito, wakahesabiwa maneno wanayoyajua na vibao wanavyoweza kupanga bila kuviangusha. Watafiti waliwapima watoto. Wazazi waliangaliana wenyewe, na kanuni yao ilikuwa fupi: ukishikwa na kiu, mbipu mwenzako. Usieleze chochote, bipu tu.

Mama Edo, mwenye miaka minne bila kuonja, alijaliwa sikio. Ukimwambia "shikamoo" kwenye simu, alijua kama umekunywa, kama unataka kunywa, au kama una mafua tu.

Damas alijaliwa mikono. Alikuwa mgema, na hata baada ya kuacha pombe aliendelea kugema, maana hakuwa na kazi nyingine. Alikata mianzi, akakinga ulanzi, akabeba madumu kutwa nzima, na hakuna tone lililopanda kutoka mikononi kufika mdomoni.

Lustika, mdogo kuliko wote, alikuwa na miezi mitatu tu kwenye kikundi. Yeye alijaliwa ulimi usiojua kuficha. Ukimuuliza habari za nyumbani, alikwambia habari za nyumbani.

Na Onolina alikuwa na Yusta, binti wa miaka miwili na nusu. Alikuwa pia na wifi, Sabina, dada wa marehemu mumewe, aliyekwisha kumwambia mbele ya watu kisimani: "Siku utakayoonja tu, nakuja kumchukua mtoto wa kaka yangu. Hata hodi sipigi." Siku ile Onolina alikuwa ametimiza miezi kumi na moja na siku kumi na tisa.

Sasa, kosa lilitokeaje? Mnajua ulanzi unapotoka kwenye mwanzi ni mtamu, haulevyi, na huku hata watoto wanapewa. Huo ndio mtogwa. Ukilala, unabadilika na kuwa mkali, nao ni mkangafu. Jumatatu asubuhi jirani alimletea Onolina lita tatu za mtogwa kwa ajili ya Yusta. Mama na mtoto wakanywa kidogo, dumu likawekwa nyuma ya mlango. Jumanne alasiri Yusta akalia kiu. Onolina akamimina kikombe, akaonja kwanza, kama mama yeyote anavyoonja kabla ya kumpa mtoto. Funda likapita. Ndipo alipokumbuka kuwa ulanzi ule ulikuwa wa jana.

Akampa mtoto maji. Kikombe hakukimwaga. Alikaa akikitazama, na kwa muda huo wote mkono wake wa kulia ulikuwa umekishika. Mkono wa kushoto ndio uliobipu.

Mama Edo alikuwa sokoni akipima maharage. Akapiga papo hapo.

"Onolina."

"Abee, mama."

"Umemeza kiasi gani?"

"Nani kakwambia nimemeza?"

"Hiyo 'abee' yako. Funda au kikombe?"

"Funda."

"Basi bado ni funda. Kaa nami hapa hapa. Nieleze, Yusta kavaa nini leo?"

Akamuuliza rangi ya gauni, vifungo vingapi, kipi kimekatika, uzi anao au hana. Mteja akalalamika, Mama Edo akamwambia maharage hayaozi kwa nusu saa. Ilipofika dakika ya thelathini na tano, Onolina alikuwa ameachia kikombe na ameshika sindano. Bila sikio la Mama Edo, funda lingekuwa dumu.

Lakini dumu lilikuwa bado nyuma ya mlango, na Onolina hakuthubutu hata kulisogelea. Mama Edo akamtuma Damas. Damas akaja mbio kutoka shambani, panga bado mkononi, akaingia bila kukaa.

"Liko wapi?"

"Pale. Kaka Damas, usilifungue humu ndani. Harufu."

Akalifunga kwa koti lake, akalibeba mpaka ng'ambo ya mto, akalimwaga huko. Akarudi, akaosha kikombe kwa majivu mara mbili, akafuta sakafu pale povu lilipodondokea. Kisha akapita nyumba tatu za jirani na kuwaambia kuanzia leo mtogwa usiletwe kwa Mama Yusta, hata wa saa ile ile. Bila mikono ya Damas, sindano ingeanguka, na kikombe kingeshikwa tena.

Ikabaki aibu. Kesho yake asubuhi Yusta alikuwa na miadi zahanati, na pale kila mzazi huulizwa swali: tangu tuonane, umekunywa? Onolina akaamua kutokwenda. Saa kumi na mbili kasoro robo jioni akaingia Lustika, amebeba maboga mawili.

"Dada, kesho tunaondoka saa ngapi?"

"Mimi siendi. Nitasema mtoto anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Lustika!"

"Nauliza tu, maana nao watauliza. Halafu utatunga homa, halafu utatunga dawa. Mimi mwezi wa kwanza nilianguka, siyo funda, siku mbili nzima. Nikaenda nikawaambia. Unajua walinifanya nini?"

"Nini?"

"Waliniandika. Basi. Nikapewa chai." Akaanza kumenya boga. "Chai yenyewe haikuwa na sukari."

Onolina akacheka, mara ya kwanza tangu saa tisa na dakika arobaini. Bila ulimi wa Lustika, asingefika zahanati.

Alifika. Jumatano saa mbili na dakika tano asubuhi, Yusta alipanga vibao vinane, cha tisa kikaangusha vyote, naye akajipigia makofi. Mtafiti, dada mmoja anayeitwa Yolanda, akauliza swali lake. Onolina akajibu, "Funda moja, jana." Yolanda akaandika.

"Asante kwa kusema. Mtoto anaendelea vizuri sana, maneno yameongezeka." Kisha akatoa karatasi nyingine. "Hii leo ndiyo mwisho, naipeleka ustawi wa jamii. Mlezi wa pili. Wewe ukianguka, mtu huyu ndiye atakayeitwa kwanza, na mtoto atakwenda kwake. Ukiacha wazi, watamwita ndugu wa baba."

"Sabina."

"Ndiye aliyepo."

"Naweza kuandika watu watatu?"

"Mstari ni mmoja, mama. Simu ikipigwa, mtoto hawezi kwenda nyumba tatu."

Nje kwenye benchi watatu wale, waliomsindikiza, walikuwa wamesikia. Dirisha la zahanati ile halina kioo.

"Aniandike mimi," alisema Mama Edo. "Nimekaa miaka minne. Na nani aliyepokea simu?"

"Na nani aliyetuambia kwenye kikao kuwa mtogwa si pombe?" Damas akamjibu. "'Hata mtoto wa ubatizo anakunywa.' Si maneno yako hayo?"

"Ni yangu. Na ule ulanzi ulitoka mianzi ya nani, mgema?"

"Yangu. Jirani aliununua kwangu, sikujua anampelekea nani. Lakini nimeumwaga mimi."

"Mimi ningependa aniandike," alisema Lustika, "kwa sababu Yusta amenizoea, na nyumba yangu ni ya karibu. Ila nina miezi mitatu tu, na juzi nilitamani."

"Wewe mtoto, huwezi hata kujitetea?" Mama Edo alimuuliza.

"Nimejitetea. Nimesema nyumba yangu ni ya karibu."

Onolina alitoka na karatasi mkononi. Akamtazama mwenye sikio, aliyemkamata lakini ndiye aliyeruhusu mtogwa. Akamtazama mwenye mikono, aliyeondoa dumu ambalo yeye mwenyewe aliligema, na kesho atagema tena. Akamtazama mwenye ulimi, aliyemfikisha, na ambaye huenda akawa wa kwanza kuanguka, ingawa angekuwa pia wa kwanza kusema. Hakuna aliyeinua macho.

"Mkinitazama siwezi. Msiponitazama pia siwezi," alisema. "Kaeni hapo hapo."

Akamfunga Yusta mgongoni kwa kitenge, akarudi ndani, akafunga mlango na kuvuta pazia la dirisha. Saa mbili na dakika hamsini na mbili akaomba kalamu, akaandika jina moja kwa herufi kubwa, bila kufuta, akasaini chini yake.

Jina hilo nalijua, na sitalitaja. Nimelifikiria mara nyingi, na kila mara naandika jina jingine. Basi niambieni nyinyi mlionisikiliza: mwanao yuko mgongoni, kalamu iko mkononi, mstari ni mmoja. Ungemwandika nani?