Hina ya Lubaba

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Iraki aliishi mjane mcha Mungu, Bibi Umayma, Mola amrehemu. Macho yake yalikuwa yamefifia kwa kusuka mikeka, na tegemeo lake lilikuwa mwanawe wa pekee, Hazimu.

Hazimu akaposa binti wa mtaa wa mbali aitwaye Lubaba, aliyempenda sana. Siku ya nikaha ikafika. Binti ameshapakwa hina, mikate imeshaokwa, anangojewa kadhi tu. Baba wa binti, Mzee Mundhiri, akaja kumwamkia Bibi Umayma.

"Mtunzie moyo mwanangu," alimwambia. "Mama yake alifariki mwaka wa homa, tukikaa mtaa wa wafinyanzi, nami niko safarini Shamu. Mtoto hajaota hata jino. Nilirudi nikidhani njaa imemuua, nikamkuta ana mashavu. Mpaka leo namwombea aliyemlisha, wala simjui."

Bibi Umayma akainamisha kichwa. Mwaka ule alikuwa mgeni mtaani pale, na Hazimu yu kifuani. Alisikia kilio cha mtoto wa jirani mgonjwa, akaingia, akamnyonyesha mpaka akashiba. Akaendelea hivyo siku nyingi, hata ndugu walipokuja kumchukua. Hakumwambia mtu, akichelea kupoteza thawabu. Kumbe maziwa ni sadaka isiyofaa kufichwa, maana hufunga undugu.

Akasema polepole, "Dua zako zimenifikia, Mzee Mundhiri. Watoto hawa wamenyonya ziwa moja. Ndoa haipo."

Wageni wakaondoka mmoja mmoja. Mikate ikagawiwa maskini. Hazimu akabaki mlangoni na kanzu yake mpya.

"Mama, hukumwambia mtu. Ungenyamaza, nani angejua?"

"Aliyeniona nimekupakata wewe upande huu, na yeye upande ule."

Kesho yake Hazimu akafuata msafara wa biashara, asiage.

Mjane akabaki na nyumba tupu, akisema, "Alhamdulillahi kwa kila hali." Asubuhi moja akasikia jiwe la kusagia likizunguka uani.

"Nani hapo?"

"Ni mimi, mama," Lubaba alisema. Hina ya arusi ilikuwa bado haijafutika mikononi mwake. "Ulinilisha nilipokuwa siwezi kusema ahsante. Niache nisage."

Tangu hapo hakukosa kuja. Macho ya Bibi Umayma yakazima kabisa, na Hazimu hakuleta habari. Ni Lubaba aliyemwosha alipofariki, akamvika sanda.

Arubaini haijapita, msafiri akabisha hodi nyumbani kwa mjane, na vitambaa viwili mkononi. Lubaba akamfungulia.

"Hazimu anasalimu," alisema. "Hiki ni cha mama yake. Na hiki amesema nimpe dada yake."

Lubaba akavipokea vyote viwili, akaketi chini, akalia.

Ndugu zangu, yako mambo Mola huyageuza mikononi mwetu, nasi hatuambiwi sababu. Bibi Umayma hakuwahi kusikia salamu ile. Lakini kweli aliyoisema ilimpatia mtoto wa kumfumba macho. Mola atujaalie subira, na atulaze nao pema.