Mikate Mitatu ya Mama Eufrasia

Sogeeni wanangu, hadithi imefika mlangoni.

Zamani za vita, huko Meksiko, Mama Eufrasia alikuwa na wana watatu vitani. Kila asubuhi alimpikia kila mmoja mkate wa mahindi. Mkate ukiumuka kaangoni, mwana yu hai.

Siku moja mkate wa mwanawe Rutilio ukalala bapa. Akalia. Siku ya pili wa Anselmo ukalala bapa. Akalia tena. Siku ya tatu akashika donge la Chano, kitindamimba, asithubutu kuliweka motoni.

“Utakaa na donge bichi hadi lini?” jirani akamuuliza.

“Bichi halijasema neno, mwenzangu.”

Moto ukazimika. Ndipo donge likaumuka lenyewe kiganjani, lenye joto kama shavu la mtoto. Mama akaandaa sahani mbili, yake na ya Chano, akala peke yake, mlango wazi.

Nami namwacha hapo, akingoja.