Kadi Moja ya Mahafali ya Kemilembe

Wewe uliyebinua mdomo hapo benchi la nyuma, ubinue vizuri au uurudishe mahali pake. Sijafungua kinywa, umeshanikadiria uongo. Ati hakuna chuo kinachofundisha watu habari za watu! Hivi wewe, ng'ombe wana daktari wao, mahindi yana bwana shamba wake, hata udongo unapelekwa kupimwa. Binadamu peke yake ndiye akose wa kumsomea? Nyamaza. Kadi hii naiweka hapa mezani muione wote. Nikimaliza, nyie ndio mtakaosema inakwenda kwa nani. Ukitaka kubisha, utabisha wakati huo.

Hapo zamani, na zamani yangu mimi ni mwaka juzi, msianze kuwaza mambo ya mababu, alifika kijiji kimoja upande wa Songea msichana anaitwa Kemilembe. Kwao Bukoba, kakulia Dar es Salaam, viganja laini kama maandazi. Mgongoni begi, mkononi daftari la jalada la buluu. Akasema anasomea anthropolojia.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Nasoma maisha ya watu. Wanavyoishi, wanavyooana, wanavyozikana."

"Kwani kwenu hamzikani?"

Akacheka. Akaandika.

Mama Otilia Ngonyani ndiye aliyempa chumba. Otilia ni mtu wa jembe, maneno hana. Alimwambia, "Mgeni simtaki, mgeni analishwa bure. Ukikaa hapa wewe ni mwanangu, na wanangu wanalima." Kemilembe akalima. Asubuhi yuko shambani, mchana anazunguka na daftari. Kwa nini mjomba ndiye anayegawa nyama? Akaandika. Kwa nini huyu anampisha yule njiani? Akaandika. Kwa nini kilabuni wanawake wanakaa karibu na mlango? "Ili tuwahi kutoka mkianza kupigana," akajibiwa na mama mmoja, huku akiwatazama wanaume. Akaandika. Kuku akikimbia uani, Kemilembe anaandika amekimbilia upande gani.

Miezi minne, daftari limevimba. Mwalimu wake chuoni alikuwa amemwambia: mwisho wa mwezi niletee daftari lote, bila hivyo unarudia mwaka. Hilo mlishike.

Kulikuwa na Bibi Eufrasia. Huyo hakutaka kuulizwa kitu. Kila Kemilembe akipiga hodi, bibi anamjibu kutoka ndani, "Mimi si makumbusho! Makumbusho yako mjini, nenda kaiulize mikuki."

Na kulikuwa na Bibi Skolastika, Mhehe aliyeolewa hapo kijijini. Mnajua Wangoni na Wahehe: walipigana enzi hizo mpaka wakachoka, wakabaki na utani. Mtani hana breki. Msibani ndiyo kazi yake hasa: anamwiga marehemu, anawachekesha wafiwa, anakamata kitu chao na harudishi mpaka kikombolewe. Mfiwa akimkasirikia mtani, aibu ni ya mfiwa. Kemilembe haya yote aliyasoma chuoni, akayafanyia mtihani, akafaulu.

Basi akafariki Mzee Gaudens, baba mdogo wa Mama Otilia. Miaka tisini na miwili.

Asubuhi ya maziko watu wanalia, Skolastika huyo, kavaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, anatembea kama marehemu, goti moja linakataa. "Nani kachukua ugoro wangu?" anauliza kwa sauti ile ile ya mzee. Mjane alikuwa analia. Akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja. Skolastika akashuka kaburini, akalala chali, akafumba macho. "Kaburi hili limenifaa. Gaudens mtafutieni jingine."

Na Kemilembe yuko wapi? Kasimama ukingoni, anaandika. Wenzake wanabeba maji, wanamenya viazi, yeye anaandika.

Skolastika akafumbua jicho moja. Akainuka mle mle shimoni, akanyoosha mkono, akalinyakua daftari na kulitia kifuani. "Mfiwa gani huyu, macho makavu, kalamu mbichi? Binti wa Otilia ni mfiwa kama wenzake. Akomboe!"

Sasa yule aliyefaulu mtihani akafanya nini? Akakimbilia kwa mwenyekiti wa kijiji kushtaki wizi. Mwenyekiti alikuwa pale pale, ameegemea koleo.

"Nani kakuibia?"

"Yule mama aliyeko kaburini!"

"Mwanangu," mwenyekiti akasema taratibu, "huyo hajaiba. Huyo yuko kazini."

Msiba mzima ukacheka. Asiyecheka ni marehemu peke yake, na hata yeye sina hakika.

Skolastika akatangaza masharti akiwa bado shimoni. "Fedha sitaki, kuku sitaki. Siku tatu za matanga abebe maji, asonge ugali, akae na wafiwa. Halafu anitukane mimi, mbele ya watu, tusi la kuwachekesha wote. Siku ya tatu ikipita hawajacheka, daftari hili nawashia jiko."

Siku ile ile Kemilembe akajaribu. Akasimama mbele yake. "Wewe, bibi... una sura mbaya."

Hakucheka mtu. Skolastika akalitoa daftari, akazipapasa kurasa kwa vidole. "Karatasi nzuri hizi. Zitashika moto haraka."

Siku ya pili mtoto wa watu anamenya viazi na machozi yanadondokea kwenye beseni. Bibi Eufrasia akamtazama, akamtazama, akavuta kigoda. "Sogea hapa. Makumbusho leo yamefunguliwa." Akamnong'oneza, "Sura ya mtu usiiguse, hakuichagua. Mguse kwa jambo alilolifanya mwenyewe na watu wakaliona. Tena mngoje atie tonge mdomoni, asiweze kukujibu."

Siku ya tatu, chakula cha mchana. Skolastika kakaa katikati na koti lake la marehemu, kakata tonge la ugali kama ngumi, kalitia kinywani. Kemilembe akatua ndoo.

"Bibi Skolastika! Mzee Gaudens kaingia kaburini mara moja tu, udongo ukampokea. Wewe umelala mle saa nzima, udongo ukakutema. Kumbe hata udongo unachagua!"

Mjane akaachia kicheko, akashika mbavu, na uwanja wote ukamfuata. Skolastika akapaliwa, wakampiga mgongoni, machozi yanamtiririka, huku anaingiza mkono kifuani. Akatoa daftari. "Lichukue, mwanaharamu wee! Sasa umezikana na sisi."

Kemilembe akarudi chuoni. Miezi minne ile ya kalamu mwalimu aliisoma akasema si haba. Lakini zile siku tatu asizokuwa na kalamu, alizoziandika baadaye kwa kukumbuka, ndizo zilizomfanya mwalimu aite walimu wenzake waje wasome. Msichana kafaulu. Mwezi huu anavaa joho.

Chuo kinampa mhitimu kadi mbili za wageni. Moja kachukua baba yake. Ya pili kaituma kijijini kwa basi, na barua: "Mama yangu na bibi zangu, ni moja tu. Chagueni wenyewe, mimi siwezi." Kasomea watu huyo! Kajua pa kukwepa.

Wanawake watatu, shule zao zote ziliishia msingi, hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, kila mmoja ameshafua kitenge chake kizuri. Wakakutana kwa Otilia.

Otilia akasema, "Nilimfanya mwanangu. Angekuwa mgeni, mtani asingemgusa, maana mgeni hafiwi. Bila mimi kusingekuwa na msiba wake. Kadi ni yangu."

"Mwana gani umemlimisha ekari mbili za mahindi?" Skolastika akamjibu. "Umeshalipwa, shoga, nenda kahesabu magunia. Mimi ndiye niliyempokonya daftari. Kilichompa joho ni zile siku tatu, na siku hizo nilimpa mimi. Kadi ni yangu."

"Ulimpa?" akadakia Eufrasia. "Ulikuwa unacheza, Mhehe wewe! Ungeliwashia jiko kweli na ugali ukala. Aliyelitoa daftari kifuani kwako ni mimi, kwa ulimi wangu. Bila daftari asingefika hata mlangoni kwa mwalimu. Kadi ni yangu."

"Tusi alilitunga mwenyewe!" akasema Otilia.

"Akili ya kulitunga kaitoa wapi? Kwenye mahindi yako?"

"Na miezi mitatu na zaidi ukamfungia mlango," Skolastika akamkumbusha. "Leo ndiyo unamjua?"

"Nilikuwa namwivisha taratibu."

Wakabishana mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mwisho wakakubaliana jambo moja tu: waamue watu ambao hawakuwepo msibani. Watu hao ni nyie. Ndiyo maana nimepanda kilima chote hiki na magoti yangu.

Basi semeni. Aliyempa kufiwa, aliyempokonya daftari, na aliyempa ulimi wa kulikomboa: je, nani alistahili kwenda kumwona Kemilembe akivaa joho?

Msinitazame usoni. Mmoja wa hao watatu ni mimi, na yupi hamwambiwi, mkiniuliza nitawadanganya. Mtu akijadiliwa kikaoni hukaa nje, hiyo ndiyo desturi, naifuata ingawa kuna jua. Kadi naiacha mezani. Basi la Dar linapita kesho asubuhi, kwa hiyo msinikalie mpaka magharibi mkitafuna maneno. Na wewe wa benchi la nyuma, ulitaka kubisha, zamu yako hii.

Natoka. Mlango naufunga mwenyewe. Mkishakata shauri, gongeni.