Ukucha Aliyenyimwa Habari

Sogeeni, wajukuu zangu. Mmesogea? Haya. Hapo kale, kuku walipokuwa na meno, goti la binti mmoja aitwaye Siwema lilikuwa kitongoji, na wakazi wake walisemezana kama sisi.

Mlangoni alikaa Bibi Ngozi. Nyuma yake alilala Msuli, mwenye nguvu nyingi na usingizi mwingi. Mshipa wa Fahamu alikuwa mpiga mbiu. Damu alizunguka, akazunguka, hachoki. Na mkononi aliishi Ukucha, jirani asiyetulia.

Siwema alikuwa akijifunza ngoma ya harusi ya shangazi yake. Akazunguka, akazunguka, akaangukia kigae, goti likachanika.

"Ukuta umebomoka," Mshipa akapiga mbiu. "Amkeni, vijidudu wanakuja."

Damu akaja mbio, akaja na joto. Goti likavimba, likawa jekundu. Askari wake weupe wakawala vijidudu. Kisha Damu akajikausha mlangoni, akawa kigaga.

"Hilo ndilo jamvi langu," akasema Bibi Ngozi. "Nakandika ukuta chini yake. Desturi mnaijua: udongo mbichi haufunuliwi mpaka mkandikaji mwenyewe aseme."

"Na mimi nimeumia," Msuli akanung'unika.

"Wewe lala. Ndiyo kazi unayoiweza."

Ukucha akaja polepole. "Shoga, nichungulie kidogo."

"Usiguse."

"Pembeni tu."

Akakwangua, akakwangua, kigaga kikang'oka. Wewe Mwatime, toa mkono hapo gotini.

Basi mbiu upya, Damu upya, uvimbe upya. Bibi Ngozi akaanza kukandika tena, huku akisonya. Harusi ikafika goti halijapona. Wenzake wakacheza, Siwema akakaa mkekani, akawatikisia kayamba mpaka shangazi akacheka. Baadaye goti lilipona, lakini kiraka cha ukuta hakikulingana na ukuta wa zamani. Ndilo kovu hilo.

Mshipa akamwendea Ukucha. "Kuanzia leo sikuletei habari."

"Hata zangu mwenyewe?"

"Hata zako."

Ndiyo maana hadi leo ukucha hukatwa ncha na haujui. Sisi hukata, wenyewe haushtuki.

Kwa hiyo, wanangu, anayejenga mwacheni amalize. Hadithi yangu nimeifunika, inakauka. Atakayeichokoa kabla ya asubuhi, wembe wa kukatia kucha ninao.