Feni ya Kisanduku

Ketini, wapendwa. Na leo nikisema jambo mkaliona zuri, naomba msiitikie amina. Neno hilo lishikeni kwanza mdomoni. Sababu nitawaambia mbele, na mkishaisikia hamtalitamka ovyo tena. Nimesimama hapa nikiwa na hasira, na sina mpango wa kuificha.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyekwenda Muscat kuendesha lori la maji. Huku nyuma alimwacha mama yake, mjane, katika mji mmoja wa joto. Msiniulize ni mji gani wala kanisa gani, maana mtaanza kuwacheka watu wa huko mkajisahau wenyewe. Mama yule alikuwa na presha. Simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kuongelea tu, kwa hiyo kijana alimsikia mama yake, lakini kumwona hakumwona. Kila akiuliza, "Mama, hujambo?" jibu lilikuwa lilelile, "Sijambo, mwanangu." Na mnawajua mama zetu. Hata akiwa kitandani na dripu mkononi atasema hajambo.

Basi kanisa la mama yule likanunua kisanduku. Nyinyi vijana wa mitambo mnakijua. Ni kitu cheusi, kidogo kama nusu tofali, kimechomekwa nyaya mgongoni. Kamera inakipa picha, nacho kinaibana picha hiyo na kuirusha Facebook, YouTube na TikTok kwa mpigo mmoja. Mchungaji akifungua mdomo pale mjini, anaonekana Muscat, anaonekana Toronto, anaonekana mpaka mahali ambapo hajui hata pakoje. Kijana wetu alichangia kukinunua, tena kwa moyo mweupe. Hakuchangia ili amwone mchungaji. Alitaka kumwona mama.

Na akamwona! Jumapili ya kwanza aliegesha lori pale wanapojazia maji, akaiegemeza simu kwenye usukani, na pembeni kabisa ya picha, kwenye benchi la akina mama wazee karibu na nguzo, mama yake huyo hapo, feni ikimpepea, na kitambaa chake cheupe cha umoja wa wanawake kichwani. Kule Uarabuni Jumapili ni siku ya kazi. Tangi likajaa, maji yakamwagika, wenzake wakampigia kelele, yeye hana habari. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Je, kisanduku ni kibaya? Sijasema ni kibaya. Ngojeni.

Shida ya kisanduku ilikuwa joto. Kikifanya kazi muda mrefu kinachemka, na kikichemka picha inakwama. Mchungaji amefungua mdomo kusema "Bwana," mdomo unabaki wazi hivyo hivyo. Watazamaji wakalalamika, na kijana wetu naye akaandika, "Wapendwa, picha inakatakata, hatuoni vizuri." Aliandika hivyo kwa sababu ilikuwa inakata palepale mama anaposimama kuimba. Sasa kanisa lile lilikuwa na feni moja tu nzima, ile ya kusimama, na miaka yote ilikuwa inakaa kwenye benchi la wazee. Kiongozi wa mitambo akamwendea yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, tunaiomba hii feni. Mtambo unachemka, picha haifiki nje."

"Nje huko kwa mwanangu?"

"Huko huko, mama."

"Basi ichukueni, baba. Mimi nitajipepea."

Mmemsikia? Hakunyang'anywa. Alitoa. Alitoa upepo wake mwenyewe ili mwanawe aione sura yake. Na wale walioipokea sadaka hiyo hawakusimama hata kidogo wakajiuliza, mama huyu wa presha tumemwachia nini? Tuseme tu walichomwachia. Walimwachia kipande cha boksi. Ni boksi lilelile lililokuja na kisanduku, walilichana, wakampa kipande ajipepee nacho.

Kisha wakazidi kunogewa. Madirisha yakafungwa na kutundikwa mapazia mazito, kwa sababu jua lilikuwa linaharibu picha. Mlango ukafungwa, kwa sababu kelele za barabarani zilikuwa zinaingia kwenye sauti. Simu zote zikaamriwa zizimwe, eti zinaingilia mitambo. Watu wamejaa chini ya bati, jua la mchana, hakuna pa kupitia hewa, na feni moja iliyopo imegeuziwa meza ya mitambo inapuliza chuma. Inapuliza chuma, jamani! Chuma kina presha? Chuma kina mtoto Muscat anayekisubiri?

Ikafika Jumapili moja. Kijana ameegesha lori palepale, simu kwenye usukani. Mahubiri hayasikilizi, tuseme ukweli, anamtazama mama. Anauona mkono wa mama na kile kipande cha boksi, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi. Mkono ukapunguza mwendo. Mkono ukasimama. Boksi likaanguka, na mama akaiegemea nguzo, akateleza taratibu mpaka sakafuni.

Katika kanisa lile mtu akianguka wakati wa ibada husemwa ameguswa na Roho. Haamshwi wala haulizwi kitu. Anafunikwa kanga ili asikae vibaya mbele za watu, kisha anaachwa na Mungu wake. Ni desturi ya heshima, nami siidharau. Mhudumu mmoja, dada wa watu, akaja mbio, na kule Muscat kijana akashusha pumzi. "Afadhali wamemwona," akajisemea. Mhudumu akainama, akamfunika mama miguu kwa kanga, akaitengeneza ikae vizuri. Halafu akaiangalia kamera, akajikunja ili asikinge picha, akarudi kwenye nafasi yake.

Kijana akapiga ukelele ndani ya lori. Akampigia mama, simu imezimwa. Akampigia jirani yao, naye yumo humo humo kanisani, imezimwa. Akampigia mchungaji, imezimwa. Chini ya picha kulikuwa na namba ikipita kwa herufi kubwa, akaipiga hiyo. Wapendwa, ilikuwa namba ya sadaka! Laini ile iliwekwa kwa ajili ya kupokea fedha tu. Ikaita, ikaita, ikakatika, hakuna aliyekuwa ameachiwa kazi ya kusema haloo.

Akakimbilia kuandika. "Mama yangu ameanguka hapo kwenye nguzo. Ana presha. Mpeni hewa." Jibu likaja haraka, "Amina mtumishi! Ubarikiwe. Usisahau kuwatumia na wengine link." Kulikuwa na dada aliyepewa kazi ya kuwajibu watazamaji, na kwa kuwa watazamaji ni wengi, jibu alikuwa amelinakili kabisa, kazi yake ni kulibandika. Kijana akahamia mtandao wa pili, "Hajaguswa na Roho! Mfungulieni dirisha!" Amina mtumishi. Akahamia wa tatu, "Jamani, mama yangu anakufa mbele yenu!" Amina mtumishi, ubarikiwe.

Dada yule alikuwa mtu mbaya? Hata kidogo. Ni binti mwema, anafunga na kuomba, anaimba kwaya. Alikuwa anajibu tu bila kusoma.

Na hapa ndipo hasira inaponipanda hasa. Dada akaliona jina moja linajirudia mitandao yote mitatu, akafurahi, akamnong'oneza kiongozi wa mitambo. Kiongozi akampa mchungaji ishara. Mchungaji akakatiza mahubiri, akaigeukia kamera, akatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Haleluya! Naambiwa yuko ndugu yetu Muscat, leo anaandika bila kupumzika! Moto umemfikia mpaka Uarabuni! Na mama yake si huyu hapa, Roho amemlaza? Nyumba nzima imetembelewa! Wapigieni makofi!"

Kanisa zima likapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Na mjue kwamba picha ya kisanduku haifiki papo hapo, inachelewa kidogo njiani. Kijana alipoyaona makofi yale, yalikuwa yameshapigwa, na watu walikuwa wameshaketi. Kila alichokiona kilikuwa kimeshapita. Alikuwa anamtazama mama yake akifa, na hata kufa kwenyewe alikuwa anaonyeshwa kukiwa kumeshatokea. Aliupiga usukani kwa ngumi mpaka honi ikakwama, na lori likalia peke yake pale kwenye maji.

Ibada ikaisha. Wakawaaga watazamaji, wakawaombea safari njema wasafiri wote, wakazima. Mlango ukafunguliwa, na yule mhudumu akaenda kuchukua kanga yake. Ndipo akamshika mama mkono. Jengo lile lilikuwa na joto kama tanuri, na vitu vya baridi humo ndani vilikuwa viwili tu, kile kisanduku na mkono wa yule mama.

Huku kwenye meza ya mitambo walikuwa hawajajua. Walikuwa wanakunja nyaya na kupongezana, kwa sababu siku hiyo picha haikukatika hata mara moja. Dada wa majibu akawa anapitia yaliyoandikwa, safari hii anasoma, na ujumbe wa mwisho kutoka Muscat ulikuwa mfupi. Ulisema, "Mrudishieni mama yangu feni."

Na chini yake jibu la kanisa lilikuwa limeshabandikwa. "Amina mtumishi."

Sasa mmejua kwa nini sikuzitaka amina zenu.

Wapendwa, kisanduku kina mahali pa kutolea picha, masikio hakina. Tusikilaumu, kimetengenezwa hivyo. Lakini sisi je? Sisi tumetengenezwa hivyo? Sisi tulipewa masikio, tukayaziba kwa mikono yetu, kisha tukasema huo ni utumishi! Tunawasalimu watu wa Toronto kwa majina, na jirani wa benchi hili hili hatujui jana alilala na nini tumboni. Mtu anakwambia, "Ndugu, nina shida," unamwambia, "Mungu yupo," unapita zako unatafuta gari lako. Hiyo ni amina ya kubandika. Mkeo anasema kifua kinambana, macho yako yako kwenye simu, unasema, "Pole." Hiyo nayo umeibandika. Binti yako ananyamaza nyumbani wiki nzima, na wewe unasema ametulia, ameokoka. Unamfunika kanga huyo! Mtu akianguka katikati yetu tunamfunika kwa heshima zote, kwa sababu kupiga magoti na kumshika mkono kungeharibu picha.

Na msijidanganye kwamba nimelikasirikia kanisa la kwenye mfano. Geukeni nyuma. Nimesema geukeni, wote. Feni ile kwenye meza ya mitambo imeelekea wapi? Nani aliyashusha yale mapazia? Na bibi zetu pale ukutani, mnaona wanajipepea na nini?



Kiongozi wa mitambo, simama. Nakupenda, na unajua nakupenda, kwa hiyo usinitazame kama natania. Igeuze hiyo feni. Igeuze yote, iwapige bibi zetu usoni. Wahudumu, vuteni mapazia, fungueni madirisha, na ule mlango muuwekee jiwe usijifunge. Kelele za barabarani ziingie. Wauza mitumba waingie na spika zao, tutasikilizana tu.

Nanyi mnaonitazama kwenye simu, mlioko mbali na nyumbani, nisikilizeni upesi kabla kisanduku hakijachemka. Mkiona kioo kimekuwa cheusi, msituandikie kulalamika. Jueni tumekwenda kuwatazama mama zenu.