Kupe Aliyekalia Kiti cha Pombe

Masikio yapo?
— Yapo.
Yana kupe?
— Hayana.
Mmejuaje? Tieni kidole mhakikishe, kisha mniazime hayo masikio.

Alikuwako Nyati, dume la shingo nene, na katika sikio lake la kushoto alikuwako Bi Kupe na wanawe saba. Nyati hakujua kwamba ana wapangaji. Bi Kupe naye hakuona haja ya kumsumbua mwenye nyumba kwa salamu.

Tatizo lilikuwa mti wa mng'ongo. Matunda yake yakiiva yalianguka kwenye shimo la jiwe, yakalala humo, yakachacha, yakawa pombe. Nyati alionja siku moja akasema tamu. Akamfukuza ngiri, akamfukuza nyani, akamfukuza hata mjomba wake, shimo likawa lake peke yake. Tunda likianguka, po! Nyati huyo. Wazee wakamsema. Po! Nyati huyo. Mkewe akamnunia, ndama wake akawa anamkimbia. Po! Nyati huyo.

Sasa, damu ya mlevi ni pombe tupu. Watoto wa Bi Kupe walikuwa wakinyonya kidogo tu, wanaanza kuimba, wanaachia, wanaanguka. Na kanga yuko chini, anaokota. Walikuwa saba, wakawa sita, wakawa wanne. Bi Kupe alilia. Kupe akilia hapana anayesikia, ila uchungu wa mwana ni ule ule.

"Nitahama," akasema. Kisha akaitazama miguu yake mifupi. "Mimi sihami. Atakayehama ni Pombe."

Akashika njia ya ndani ya sikio. Akashuka, akashuka, akashuka, mpaka akafika ukumbini katikati ya kichwa cha Nyati. Akakuta ngoma kubwa, mzee mpiga ngoma aliyechoka, mkeka, na kigoda kimoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Samahani, sina nguvu za kuinuka. Mimi ndiye ninayepiga raha humu."

"Na hicho kigoda cha nani?"

"Cha Pombe. Zamani wageni wangu waliketi mkekani. Majani mabichi yakija, napiga. Ndama akija kumnusa baba yake, napiga. Pombe ana makuu, haketi mkekani. Alikaa kigodani, akataka nipige kwa nguvu zote, mpaka ngozi ya ngoma ikalegea. Jana alikuja na matunda kumi, ngoma ikalia tepe, tepe. Leo atakuja na ishirini, itakuwa vilevile."

"Kama raha haipo, Bwana Nyati anafuata nini kule shimoni?"

Mara huko nje likaanguka tunda, po! Mzee akaruka bila kupenda: tum! tum! tum!

"Unaona? Hajaonja hata tone. Siku hizi nampigia Pombe akiwa njiani tu. Akifika, nimeshachoka."

Kesho yake alfajiri, kabla Nyati hajaenda shimoni, Bi Kupe akanyonya. Akanyonya, akavimba, akavimba tena, mpaka akawa duara sawasawa na kigoda. Akateremka, nusu anatembea, nusu anabiringika, akajipachika pale, pwata.

Po! Tum, tum, tum. Nyati huyo. Muda si muda Pombe akapanda, harufu mbele yeye nyuma, akapiga hodi.

"Karibu," akasema Bi Kupe. "Ila kiti kina mtu."

Pombe ana mabaya mengi, lakini alilelewa. Mgeni hamwinui mgeni mwenzake, tena mama mwenye umbo lile. "Nitasubiri," akasema.

"Subiri, mwanangu."

Akasimama. Akasimama mpaka miguu ikamuuma, kisha akateremka kimya, akatokea njia ya mkojo.

Huko nje Nyati akalamba midomo. "Mbona kama maji ya mvua?" Siku ya pili, maji ya mvua. Siku ya tatu alikunywa nusu ya shimo, akaenda kukojoa, basi. Akaacha, ila kwa hasira. Alitetemeka, akatoka jasho, akapiga pembe vichuguu visivyo na kosa. Bi Kupe alikaa. Mgongo ulimuuma, wanawe walimwita, naye alikaa tu.

Ukapita mwezi. Asubuhi moja ndama akaja kwa woga, akamnusa baba yake puani. Ngoma ikalia: tum. Moja tu, tena ndogo. Mzee akaitazama mikono yake, akalia.

Lakini asiyelewa huhisi. "Nawashwa sikioni," Nyati akamwambia mkewe, na mkewe akamwita yule ndege anayedonoa kupe. Ndege akaja, akaingiza mdomo.

Bi Kupe akapaza sauti kutoka ndani. "Bwana Nyati, mimi ndiye niliyekalia kiti cha Pombe. Nikitoka, kiti kiko wazi. Chagua mwenyewe."

"Mwongo huyo," akasema ndege, ambaye hakuwa amekula tangu jana.

Po! Tunda hilo. Tum, tum, tum. Mate yakamchuruzika Nyati. Akamtazama ndama, bado kasimama pale pale karibu naye. Akatikisa kichwa, ndege akaruka zake.

"Kaa, Bi Kupe."

"Na wanangu wanne?"

"Nao wakae."

"Na wajukuu?"

Nyati akashusha pumzi. "Wangapi?"

"Elfu mbili hivi, tukijaliwa."

Po! Tunda lingine.

"Wakae," akasema Nyati haraka.

Mpaka leo Nyati akikutana na wenzake hutunisha shingo na kusema, "Mimi niliacha mwenyewe. Ni kukaza moyo tu." Na ndani kule Bi Kupe hucheka, akajiweka vizuri kitini, akanyonya.

Ngano yangu imeshiba, imedondoka, angalieni msiikanyage. Na funzo lake ni hili: ulevi ni uzembe tu, ukikaza moyo unaacha, na mnyonyaji ukimwona mng'oe siku hiyo hiyo. Anayebisha akamuulize Nyati. Ila amuulize kwenye sikio la kulia.